Ukuta Uliopanda na Kushuka

Kwako Zaituni, mwanangu, uliye chumba cha pili ukipanga nguo ambazo mama yako atazipangua na kuzipanga upya,

Jua ndiyo kwanza limezama, bukari bado unasongwa jikoni, na mimi nimejifungia hapa nikidai kwamba napanga mali ya duka. Sipangi kitu. Nakuandikia wewe.

Utacheka, kwa sababu baba yako ni mtu wa kusema. Katika soko zima la Kamina hakuna asiyejua kwamba mwanamke akipita mbele ya vitenge vya Shabani akiapa kwamba haji kununua, ataondoka na pande lake na kitambaa cha kichwa juu yake. Maneno ndiyo shamba langu. Lakini kuna neno moja uliloniomba, na hilo limenikwama kooni. Umeniomba radhi ya kuondoka. Uliniomba tukila, ukaniomba dukani, ukaniomba tena siku tuliyotoka kwenye mazishi ya jirani, na kila mara nilikujibu habari za matofali. Kesho treni inakupeleka Lubumbashi, nawe bado hujalisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwangu.

Ya sabuni, ya kufunga komeo, ya kutonunua chakula dirishani treni ikisimama Luena, hayo sitakuambia. Mama yako amekwisha kuyasema, atayasema tena kesho stesheni, na mama yako mdogo atayapokelea huko utakakofikia. Mimi nataka kukuambia habari ya ukuta. Wewe uliupiga picha, kwa hiyo unaujua kwa nje. Ya ndani yake hujayasikia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nayo.

Unakumbuka mvua zilivyokatika mwaka huu. Matofali tuliyofyatua kutoka udongo wa kile kichuguu cha nyuma yalikuwa yametoka tanuruni, mekundu, na fundi Kabange alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa nyumba mpya mbele ya hii ya zamani. Ndipo ulipotoka na simu yako yenye kioo kilichopasuka, ukasimika mti barazani, ukaifunga simu juu yake kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nikakuuliza kama ni mtego wa panya.

Ukanieleza kwa subira, kama mimi ninavyomweleza mteja kwa nini kitenge hiki hakitoi rangi na kile kinatoa. Ulisema hutaki kupiga video. Unataka picha za kawaida, zile za kusimama, moja moja, kutoka mahali palepale, kiangazi kizima. Kisha utazipanga zifuatane na kuzipitisha haraka, na jicho litaiona nyumba ikiota kama uyoga. Nikasema hiyo ni biashara ya hasara, kungoja miezi ili upate kitu kinachokwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Hukubishana. Ulinionyesha tu majani ya muhogo, sombe, uliyoyapiga picha siku moja, tangu mama yako alipoyachuma mpaka yaliponyauka. Yalikuwa yakijikunja kidole kwa kidole. Nimekula sombe maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba yananyauka kwa utaratibu namna ile. Nikakuomba unionyeshe tena.

Kisha ikaja habari kutoka Lubumbashi. Yule mama mwenye studio ya video, aliyeviona vipande vyako kwenye simu ya mtu, alikuwa tayari kukuchukua ujifunze kwake na ufanye kazi kwake. Sharti lake lilikuwa moja: uje na video ya kitu kimoja, tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, bila kukatika. Ukachagua nyumba yetu. Ukatuambia tukiwa tunakula kwamba bati la mwisho likishapigwa misumari, sisi tutahamia ndani na wewe utapanda treni. Mama yako alipiga vigelegele palepale. Mimi nilimega bukari nikaula mkavu, na samaki wa Mulongo akiwa mbele yangu, mpaka mama yako akaniuliza kama meno yananiuma. Tangu siku ile, kila tofali nililoliona likipanda niliona linakusogeza stesheni.

Lakini kwanza tucheke kidogo, kwa sababu mwanzoni sikuharibu peke yangu, tuliharibu wote. Unawajua watu wetu. Hapa mtu hapigwi picha hivihivi, na udongo mikononi. Picha ni kitu cha kuvalia. Habari ikaenea kwamba kwa Papa Shabani kuna picha asubuhi, adhuhuri na alasiri, tena za bure. Mama Ilunga wa ng'ambo ya barabara akaja na kitenge chake cha kwendea misa, akasimama mbele ya msingi, mikono ubavuni, bila kutabasamu. Kesho yake akaja na dada yake. Mafundi nao, kila walipokuona unaelekea kwenye mti wako, waliweka miiko chini, wakafunga vifungo vya shati, wakajipanga kwa kimo. Hata mimi nilitoa kofia ya Idi. Ulipotuonyesha zile picha za mwanzo zikienda haraka, hapakuwa na mtu hata mmoja anayefanya kazi. Ukuta ulikuwa ukijijenga wenyewe nyuma ya watu waliosimama kama wanaongoja kadi ya uchaguzi. Mama Ilunga alifurahi sana, akauliza atapata lini ya kwake.

Ulikasirika kwa upole, kama ilivyo kawaida yako, na hukumfukuza mtu. Uliiagiza tu simu ipige yenyewe, kila baada ya muda, bila mlio na bila mtu kuisogelea, ukaiunganisha kwa waya na ile plaki ya umeme wa jua iliyo juu ya paa ili isizimike. Picha za watu waliosimama ukazitoa karibu zote. Baada ya siku chache watu wakaisahau simu. Mama Ilunga akarudi kwenye shughuli zake. Na mimi, niliyezoea kwamba picha ni wewe kwenda kwenye mti, nikaamini kwamba usipokuwepo simu inalala.

Asubuhi ulikuwa ukinishikia duka. Nikasema basi mimi nitabaki kuwaangalia mafundi. Ulinishukuru. Ulidhani nimeanza kuipenda kazi yako.

Mara ya kwanza nilimwambia Kabange kwamba ukuta wa upande wa barabara umeinama. Akaleta timazi, akaining'iniza, kamba ikatulia sawasawa na ukuta. Nikasema labda timazi yenyewe ina kasoro. Alinitazama, kisha akabomoa safu tatu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, na uliporudi kutoka sokoni nikakuambia kwamba mafundi wa siku hizi hawana mkono. Mara nyingine nilisema matofali yale hayakuiva. Mara nyingine nilisema dirisha limekaa chini mno, wapita njia watatuhesabia vijiko. Kilichopanda kwa siku mbili kilishuka asubuhi moja. Nawe ukiuliza, nilikutupia ile ya haraka haraka haina baraka. Methali ni nzuri, mwanangu. Kinywa ndicho kilichokuwa cha mwongo.

Kabange hapendi kufanya kazi asiyoielewa. Siku moja alisimama na mwiko mkononi akaniuliza, "Papa Shabani, ukuta iko sawa. Juu ya nini tunabomoa?"

Nikamjibu kwamba naogopa mvua itaupiga. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja.

Ningependa kukuambia kwamba sikuwa nimekaa nikapanga. Mara ya kwanza ni kweli, sikupanga, ulimi ulinitangulia. Zile nyingine nilipanga. Na nilijua kwamba yule mama wa studio hatakungoja milele. Nilijua, na hilo ndilo nililokuwa nikilitegemea. Nilikuwa nahesabu kwamba atachoka, atamchukua mtoto wa mtu mwingine, nawe utalia kidogo, kisha utabaki. Hilo linaniuma kuliko matofali yote.

Halafu ikafika jioni ile. Kabange alikuwa amekuja kunywa chai, mama yako akasafisha sinia, ukaiegemeza simu kwenye birika ili wote tuone kazi ilipofikia. Nilikaa mbele kabisa. Vivuli vikaanza kukimbia kiwanjani, mawingu yakapita kama mbuzi waliofunguliwa zizini, na ukuta ukapanda. Nikasema mashallah. Ukuta ukashuka. Ukapanda tena. Ukashuka. Siku zile zenyewe zilipokuwa zikipita, hakuna aliyeona kitu. Mama yako aliupita ukuta ule kila asubuhi na ndoo ya maji kichwani na kwake ulikuwa ukuta tu. Lakini pale kwenye sinia, siku zote zikiwa zimebanwa pamoja, ulikuwa ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Na kila uliposhuka, kando yake alikuwepo mtu mfupi mwenye tumbo na kofia nyeupe, ameinua mkono, anaonyesha pa kubomoa.

Uliirudisha nyuma ukaiachia tena. Kisha ukaniuliza, bila kunitazama, "Papa, njo weye ulikuwa unabomoa?"

Nikasema ndiyo.

"Minyi nilikuwa nasema Kabange hajue kazi," ukasema.

Na ukageuka ukamwomba Kabange msamaha, wewe, kwa kosa langu. Alikuwa ameinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini. Alisema si kitu, mutoto, si kitu, akaaga kabla chai haijaisha.

Mama yako hakungoja hata vikombe viondolewe. Aliniambia mbele yako, "Weye ukiogopa, haulie kama bantu bengine. Unabomoa ukuta." Nikamjibu kwamba ukuta ni wangu. Akasema ukuta ndiyo, mtoto hapana. Miaka yote ya ndoa yetu nimeshindwa na mama yako mara nyingi, na karibu kila mara nilikuwa na la kujibu. Safari ile nilivikusanya vikombe nikavipeleka jikoni. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia kiwanjani na ikaishia kwenye sinia ya chai.

Asubuhi yake Kabange alinikuta mlangoni akauliza kwa adabu zote kama leo tunajenga ama tunabomoa. Nikamwambia jenga, na nikaenda zangu sokoni. Sikurudi tena kiwanjani mpaka mabati yalipokwisha kupigwa. Niliona aibu, na zaidi ya aibu sikuuamini ulimi wangu. Wewe ulinisalimia kila siku, uliniletea chai, ulinisaidia kukunja vitenge jioni, na hukunionyesha hasira yoyote. Ningependelea hasira. Hasira ningeijua bei yake.

Ni huko dukani nilipomkumbuka babu yako. Nilikuwa nikimfungia mzigo mwanamke mmoja aliyekuja kununua vitenge avipeleke Malemba-Nkulu, na katikati ya fundo mikono ikasimama. Yule mama akaniuliza kama naumwa.

Babu yako, unajua, alikuja Kamina kutoka Maniema kwa reli ya Kindu, na vitenge begani, na alikuwa mtu wa maneno machache. Haya yangu sijui niliyatoa wapi. Nilipokuwa na umri kama wako nilimwomba aniache niende Mulongo, huko mtoni, na mzigo wangu mwenyewe wa vitenge. Hakukataa na hakukubali. Siku ya safari lori lilikuwa limesimama barabarani, limejaa watu na magunia, na babu yako alikuwa ameinama akinifungia mzigo. Alifunga, akasema fundo limelegea, akafungua. Akafunga tena, akasema maji ya mtumbwi yataingia, akafungua, akaweka mkeka ndani. Dereva akapiga honi. Watu wakaanza kututukana kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Akafungua tena. Mwishowe bibi yako alimpokonya kamba, akafunga fundo moja baya, akanitwisha. Nilipanda lorini nikiwa na hasira. Niliamini kwamba babu yako hakuniamini na vitambaa vyake.

Mwanangu, yote ninayoyajua niliyapata kwenye ule mto. Nilijifunza kukaa ndani ya mtumbwi mwembamba bila kujishikilia kama paka. Wanawake wanaokausha samaki walinifundisha kugusa kitambaa kwa nyuma kabla ya mbele, baada ya kunicheka kwanza. Nilitapeliwa, nikalala kwa watu wasionijua wakanipa chakula, nikarudi nyumbani na chawa na furaha. Niliporudi, babu yako aliutazama mzigo wa samaki, akasema tu kwamba fundo la bibi lilishika. Alifariki sijamwuliza chochote kuhusu asubuhi ile. Nilikaa dukani na kamba mkononi, na sikuwa tena na haja ya kumwuliza. Nilisikitika tu kwamba yeye alifungua fundo mbele yangu, mchana, na mimi nilikubomolea ukuta ukiwa haupo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halijasemwa na mtu.

Juzi, bati la mwisho likiwa limekwisha kupigwa misumari, ulituonyesha video nzima. Majirani walijaa barazani. Ni nzuri, Zaituni. Ukuta unapanda mara moja, bila kusita, madirisha yanafunguka, mbao za paa zinatua, mabati yanang'aa. Watu walipiga makofi. Kabange aliiona kazi yake ikitoka mikononi mwake bila doa, na uso wake ulinifurahisha kuliko nyumba. Nikafurahi kwa muda. Kisha nikaanza kujitafuta. Kabange yumo. Mama yako yumo, anapita na ndoo. Mama Ilunga yumo, anavuka barabara na beseni. Hata mbwa wa jirani yumo. Mimi simo.

Nikaelewa. Uliketi ukazichagua picha zile moja moja, ukaondoa kila iliyonionyesha nikibomoa, pamoja na zile za safu zilizobomolewa, ili ukuta usishuke na watu wa Lubumbashi wasimcheke baba yako. Na kwa kuwa sikukanyaga kiwanjani ila kwa ajili ya kuharibu, ulipoondoa uharibifu nikaondoka nao. Ulinisitiri. Nilikuwa nangoja unisamehe kwa maneno, kumbe ulikuwa umekwisha kunisamehe kwa vidole, kimyakimya, na hukuniambia. Nililia, usimwambie mama yako, maana atasema nimeanza kuwa kama watu wengine.

Ahsante. Lakini zirudishe.

Yule mama wa studio alitaka kitu kimoja bila kukatika. Umekata, kwa ajili yangu, na sitaki uianze kazi yako kwa kunificha mimi. Acha ukuta ushuke. Acha yule mtu mfupi ainue mkono wake. Wakicheka huko, waache wacheke, mimi nimezoea kuchekwa na wateja. Wakiuliza ni nani, waambie ni baba yangu, hakutaka niondoke. Mzazi yeyote aliye chumbani humo hatahitaji maelezo zaidi. Kazi ni yako na uamuzi ni wako. Ukiona haifai, usizirudishe, ila usizifute. Katika nyumba ile ningependa niwemo, hata kama ni kwa ubaya.

Nimejifunza kazi yako kidogo kwa kukusikiliza, na kwa kuwa mimi ni mzazi lazima niitumie kukusumbua. Unakumbuka siku niliyoanika mkeka kwenye ule mti wako nikausogeza, kidogo tu, upana wa kidole? Kwenye video nyumba nzima iliruka. Ulitafuta kosa kwa Kabange, kwenye msingi, kila mahali. Kumbe aliyesogea ni anayetazama. Mimi nina tabia hiyo. Kuna siku nimerudi kutoka sokoni nikiwaona ninyi nyote mmebadilika, mama yako mkali, wewe mbishi, majirani wachoyo, na sikuwahi kujiuliza kama ni mimi niliyesogezwa na jambo la dukani. Ukifika huko, ukaona siku moja watu wote wameruka, kautazame mti wako kwanza.

Na vijana wa huko uendako. Nitalisema mara moja tu, halafu nijifanye sikulisema. Picha moja kila mtu anajua kusimama vizuri. Umewaona hapa kwetu, vifungo vimefungwa, mikono ubavuni. Akija mtu kukuambia anakupenda, usimpime kwa picha moja. Mwangalie kutoka mahali palepale kwa muda mrefu, akiwa na njaa, akiwa amekosa, akiwa hajui kwamba unamtazama. Nina haki ya kusema hivyo, maana mimi mwenyewe nilitazamwa.

Kuhusu kutupigia simu, ulinifundisha kwamba picha zikiachana sana mambo yanaruka, na zikikaribiana sana hakuna kinachoonekana kusogea. Basi usinipigie kila saa, sitakuona ukikua. Na usikae kimya mpaka siku utakaposhuka stesheni nisikujue. Tafuta muda wa katikati, wewe ndiye fundi. Mama yako atakuambia kila siku. Msikilize mama yako.

Nakupenda, Zaituni. Sidhani kama nimewahi kukuambia. Katika ukoo wetu tunalisema kwa kununua viatu. Nilikuwa naogopa, na hofu ile niliivalisha kofia nikaitoa kiwanjani iitwe uangalifu. Naogopa hata sasa. Naogopa nyumba mpya, kwamba tutahamia na itakuwa na chumba kimoja zaidi. Ukimpenda mtu na ukamwogopea, mwambie. Utaona aibu kidogo, na utakuwa umeokoa matofali mengi.

Mama yako ameita chakula mara ya pili, kwa hiyo nilitoe lile neno kabla sijaenda kula na kulimeza tena. Nakupa radhi yangu. Nakupa nzima, ya mchana na ya usiku, ya kufanikiwa na ya kukosa, ya kukaa huko mradi moyo wako unataka. Uliniambia dukani, "Papa, pasipo radhi yako ntaenda, lakini ntaenda na roho nusu." Nenda na roho yote. Mungu akutangulie njiani, na akuweke mikononi mwa watu wema.

Kesho treni itachelewa. Wewe na mimi tunaijua. Ukishapanda, itakaa palepale. Watu watashuka, watatandika mikeka, watawasha makaa kando ya reli. Saa zikipita nitakuja dirishani kwako na chai, na nitakuambia, kwa sauti ya mtu mwenye akili, kwamba ni afadhali urudi nyumbani upumzike, stesheni si mbali, honi tutaisikia. Nitakuwa na sababu, na sababu zangu zote zitakuwa nzuri.

Pokea chai. Usishuke.

Baba yako,
Shabani